Nekoye Alivyotolewa kwenye Grupu

"Hiyo pazia ni ya nani?" Nasro alikuwa akiuliza, simu ameinyoosha mbele kama mtu anayeonyesha kitambulisho kwa askari. "Nakuuliza, Nekoye. Hiyo pazia iko nyuma ya mtoto wangu ni ya nani?"

"Ni yangu. Kwani nimekataa?"

"Basi."

"Basi nini? Pazia ikianikwa kwa kamba inageuka kamera?"

Tulikuwa bombani, Jumamosi asubuhi. Maji yakija kwenye ploti ya Mzee Hashim, hizi nyumba zake za kupanga hapa Kitale nyuma ya msikiti, hakuna anayebaki nyumbani hata akiwa na homa. Ndoo zilikuwa zimepangwa foleni mpaka kwenye choo, na zile zilizokwisha kujaa hakuna aliyeziondoa. Maji yalimwagika yakatulowesha malapa na bado hatukusogea.

Usidhani hawa wawili walikuwa maadui. Nasro, Mama Shafi, anauza viazi karai, vile vya kukaangwa na unga, na hana makelele; ukimwona amepaza sauti ujue kuna jambo. Nekoye ndiye mwenye makelele, na makelele ndiyo duka lake. Anauza mitumba. Kila jioni alikuwa akisimama uani, simu ameiegemeza kwenye kopo la rangi, anaonyesha nguo moja baada ya nyingine kwa wateja wa Facebook, anawachokoza kwa majina: "Mama wa Kachibora, hii si ya kwako, hii haitapita kichwa." Jioni hizo nyumba yake ilijaa watu kama kituo cha kupigia kura. Mtoto wa nani, mgeni wa nani, hakuuliza. Shafi mwenyewe alikuwa akila hapo.

Sasa huyo Shafi ndiye alikuwa kwenye video. Video fupi tu. Mtoto wa Gredi ya Tatu ameketi barazani, kitabu magotini, kidole kinapita chini ya maneno, na sauti inatoka safi kama ya mtangazaji: Sungura alifika kisimani akamkuta Fisi. Halafu kamera inasogea, na unaona kwamba kwenye kitabu hakuna Sungura wala Fisi. Kuna mizinga ya nyuki. Kidole kinapita kwenye nyuki, mdomo unasimulia Sungura. Mtu fulani alikuwa ameongeza kicheko juu yake na maandishi makubwa, PROFESA WA KITALE, na kurasa za vichekesho zikaibeba. Nyuma ya mtoto, kwenye kamba, lilining'inia pazia la maua mekundu la Nekoye.

"Watu wanacheka mtoto wangu mpaka Katari," Nasro alisema. "Shemeji yangu amenitumia kutoka huko. Ati nione."

"Na mimi nitacheka Shafi? Mama Shafi, huyo mtoto amekula kwangu mara ngapi?"

"Ndiyo maana inauma."

Nekoye akatuangalia, mmoja mmoja. Tukawa tunaangalia maji. Ndipo akamwona Mwalimu Nakhumicha, aliyekuwa amesimama na mtungi wake wa njano karibu na ukuta.

"Mwalimu, si uwaambie. Wewe ndiye hukaa na Shafi hapo barazani ukimfundisha. Umewahi niona nikimpiga picha?"

Mwalimu Nakhumicha alikohoa. "Mimi sikuona mtu," akasema.

Neno lile lilikuwa la kweli, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Sisi tulilisikia tulivyotaka: kama mwalimu hakuona, basi Nekoye alijificha. Nasro akachukua ndoo yake, nusu imejaa, akaenda. Wengine wakamfuata. Nekoye alibaki pale na bomba likimwagika.

Sasa nikueleze jinsi ilivyokuwa. Haya tuliyajua baadaye, na mengine Nakhumicha aliyasema kwa mdomo wake.

Aliyepiga ile video ni yeye.

Usimhukumu haraka. Nakhumicha si mwalimu wa kukaa ofisini akinywa chai. Darasa lake lina watoto kama soko la Jumatatu, na hakuna jinsi ya kumsikia kila mmoja akisoma kabla kengele haijalia. Kwa hiyo alianzisha kitu cha kisasa. Wazazi wote aliwaweka kwenye grupu la darasa. Jioni mtoto anasoma ukurasa aliopewa, mzazi anarekodi sauti, anaituma, na mwalimu anazisikiliza akiwa anakatakata sukuma wiki. Wazazi walipenda. Hata wale ambao hawajawahi kukanyaga shule walituma.

Na katika sauti zote, ya Shafi ndiyo ilikuwa inang'aa. Haikwami, hairudii. Mwalimu alikuwa akiipiga darasani kwa spika ndogo: "Sikieni mwenzenu." Shafi anatabasamu, anaangalia chini.

Kumbe Shafi alikuwa hajui hata herufi moja ya kile kitabu. Alikuwa na masikio. Madrasani alikuwa akishika sura fupi fupi kwa kumsikia ustadhi, mpaka ustadhi mwenyewe alikuwa akimtolea mfano. Basi nyumbani, Nasro akiwa bado anaosha karai, Shafi alichukua simu ya mama, akasikiliza sauti za wenzake waliotangulia kutuma, mara moja, mara mbili, kisha akafungua kitabu, akaweka kidole, akasema yote. Kile kifaa ambacho mwalimu alikileta ili amsikie kila mtoto ndicho kilichomficha Shafi muhula mzima.

Nakhumicha aligundua barazani. Alimpa kitabu kipya cha nyuki ambacho hakuna mtoto aliyekuwa amekisoma. Alikuwa ameshika simu arekodi kama kawaida, na Shafi akaanza na yule Sungura wa kitabu cha zamani. Alirekodi mpaka mwisho. Anasema aliona kosa ni lake.

Usiku hakulala vizuri, na asubuhi aliituma ile video kwenye grupu la walimu. Wao huliita Walimu Tusaidiane. Lina watu wa Kitale, wa Bungoma, wa Moi's Bridge, hata waliostaafu. Aliandika: Wenzangu, mtoto huyu anashika kila kitu lakini hasomi. Nimempoteza wapi? Nifanyeje?

Kabla hajafika shuleni, Mwalimu Wabwile wa Kimilili alikuwa amemwandikia hapo hapo kwenye grupu. "Madam, ficha uso wa mtoto."

Naye akajibu, "Si ni grupu yetu sisi wenyewe, bana."

Hilo jibu bado liko kwenye simu yake. Hajalifuta. Anasema akilifuta atakuwa amedanganya mara nyingine.

Na ushauri ulikuja, tena mzuri. Wabwile huyo huyo, bila kinyongo, alimtumia sauti ndefu. "Usimpigie vita hiyo akili yake ya kushika, itumie. Mwambie akusimulie kitu cha kwake, cha nyumbani. Kiandike vile vile alivyosema, bila kurekebisha. Mpe akisome. Maneno atakuwa nayo tayari kichwani, sasa afuate tu umbo la kila moja kwa macho." Mwingine akamwelekeza tovuti moja ambapo unaandika hadithi, unachagua picha, inatoka kitabu kidogo. Nakhumicha alikwenda kwa Ngige wa saiba, yule mwenye kompyuta za kulipia, akakichapisha. Shafi alikuwa amesimulia hivi:

Mama anakata viazi. Mama anachanganya unga. Mafuta yanalia chaa. Mimi nakula cha kwanza.

Alikisoma. Siku ya kwanza kwa kukumbuka, ndiyo, lakini baadaye mwalimu alikata zile sentensi kwa makasi akazichanganya mezani, na Shafi akazipanga. Akalishika neno "mafuta" akalileta mbele ya pua yake, akalitazama sana. "Hii ni mafuta," akasema. "Hata ikiwa peke yake ni mafuta."

Nakhumicha alitoka nje akalia kidogo, akarudi.

Sasa fikiria mtu aliye na furaha kama hiyo, halafu siku chache baadaye ameketi kwenye chumba cha walimu, na mwenzake anacheka kwa simu, anamgeuzia aone. Profesa wa Kitale.

Alirudi mbio kwenye grupu la walimu. Akaandika, nani ametoa video yangu nje? Mtu akaweka uso unaolia. Mwingine akaandika pole madam. Mkuu wa grupu, Kipkosgei wa Moi's Bridge, akasema, "Watu ni wengi hapa, nitajuaje? Na Wabwile alikwambia."

Angeweza kwenda kwa Nasro siku hiyo hiyo. Mlango ni wa tatu kutoka kwake. Anasema alitoka, akafika kwenye kamba ya nguo, akamsikia Nasro ndani akisema na mtu kwenye simu, "Nikimjua huyo aliyemrekodi," na akarudi. Akajiambia kesho. Kesho yake ikawa ile Jumamosi ya bombani, na pazia likawa limekwisha kumkamata mtu mwingine.

Na sisi tukalimaliza. Grupu letu la ploti ni la mambo ya maji na stima, na nani ameacha takataka kwenye ngazi, lakini ndilo linalotuweka pamoja. Tulimwambia Mzee Hashim, ambaye ndiye mkuu wa grupu, amtoe Nekoye. Mzee aliuliza mara moja tu, "Mna hakika?" Tukamtumia picha ya pazia. Akamtoa. Simu zote zikaonyesha kwa pamoja kwamba Nekoye ametolewa, na hakuna aliyeandika neno. Wiki hiyo palikuwa na akika kwa jirani wa kona, na ile sufuria kubwa ya Nekoye, iliyopika Krismasi na Idi zote za ploti hii, haikuitwa. Ilikodishwa nyingine mjini, yenye tundu.

Jioni zikawa kimya. Alijaribu kuonyesha nguo mara moja, na wateja wakaanza kuandika: si wewe ndiye ulirekodi ule mtoto? Akaizima. Mlango wake ambao ulikuwa haufungwi ukaanza kufungwa.

Shafi naye alikataa shule. Wenzake walikuwa wakimwita Profesa, na wale wakubwa wa Gredi ya Sita walikuwa wakimshikia kitabu juu chini, ati asome. Nasro akafunga karai, akampeleka kwa dada yake Sharifo, Bungoma, akakaa naye huko. Tulipouliza atarudi lini alisema, "Atarudi wakisahau. Na watu hawasahau."

Hapo kati, Nekoye alikwenda kubisha kwa Mwalimu Nakhumicha.

Lile jambo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, na mwalimu alipolisema baadaye alilisema akiangalia sakafu.

"Mulembe, mwalimu," Nekoye alisema, na akakaa bila kukaribishwa, kama kawaida yake. "Nimekuja kwako kwa sababu wewe umesoma na unajua haya mambo ya mitandao. Niambie. Mtu anaweza kujua video ilitoka kwa simu gani? Kuna njia?"

"Ni... ni ngumu."

"Ngumu lakini iko? Hata kama ni kwenda kwa polisi nitaenda. Si kwa ajili ya kumfunga mtu. Ni niweze tu kusema, ona, haikutoka kwangu." Alikuwa ameshika simu yake kwa mikono yote miwili. "Mimi nimezoea kelele, mwalimu. Hii ya kupita watu wananyamaza sijazoea. Jana nimesalimia mtoto wa hapo mbele, mama yake akamvuta."

Nakhumicha alikuwa na jibu mdomoni. Anasema lilifika hapa, na anajigusa koo. Aliona kazi yake, aliona mwalimu mkuu akimwita ofisini, aliona ploti nzima ikimtazama yeye badala ya Nekoye.

"Sijui njia," akasema.

"Haya. Asante kwa kunisikiza. Wewe peke yako ndiye umenifungulia." Nekoye akaondoka. Mwalimu akabaki na hiyo asante.

Siku mbili zilizofuata alifundisha vibaya. Alikuwa akisikiliza sauti za watoto jioni na hazisikii. Kisha wakati wa mapumziko ya saa nne, watoto wakiwa nje, alisimama nyuma ya darasa akabonyeza kile kitufe cha maikrofoni kwenye grupu la ploti.

Tuliisikiliza sote, kila mmoja alipokuwa. Mimi nilikuwa sokoni. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Jirani zangu. Video ya Shafi ni mimi niliirekodi, na ni mimi nilituma kwa grupu ya walimu, nikitafuta msaada. Sikumwuliza mama yake. Nekoye hakuhusika. Nimewakosea. Naomba mnisamehe."

Ungeona grupu lilivyowaka. Wengine wakaandika Mungu ni wa haki, wengine wakaandika tulijua, na hao waliosema walijua ndio waliokuwa wa kwanza kutuma ile picha ya pazia. Mwalimu aliiweka simu kifuani. Anasema alihisi kama aliyeshusha gunia la mahindi. Alidhani amemaliza.

Nasro hakuandika. Alipiga. "Njoo Bungoma," akasema, akakata.

Jumamosi Nakhumicha alikwenda. Nyumba ya Sharifo iko upande wa nyuma wa mji, ua mdogo wenye kuku na cherehani barazani. Sharifo mwenyewe alimpokea, mwanamke mnene mwenye macho ya kucheka ambayo siku hiyo hayakucheka. "Wewe ndiye mwalimu. Kaa hapo." Akamwonyesha kigoda, si kiti.

Nasro alitoka, akakaa mkabala naye. Shafi alikuwa kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje.

"Mama Shafi, nimekuja kusema..."

"Nimesikia ulivyosema. Nina simu." Nasro hakuwa na hasira, na hilo lilimwogopesha mwalimu zaidi. "Mwambie mtoto."

Nakhumicha akageuka. Alikuwa amejipanga maneno ya wakubwa, si ya mtoto. "Shafi, nilikurekodi na nikaonyesha watu bila kukuuliza. Walikucheka kwa sababu yangu."

Shafi alikuwa akikwangua mbao za mlango kwa ukucha. "Si kucheka," akasema.

"Ni nini basi?"

"Wanasema nilikuwa nadanganya." Ukucha ukang'oa kibanzi. "Sikuwa nadanganya. Nilidhani hivyo ndiyo kusoma. Unaweka kidole, unasema. Wote walikuwa wanaweka kidole wakisema. Nilidhani na wao wamesikia mahali."

Sharifo akajifanya kufukuza kuku. Nakhumicha hakuwa na mahali pa kuangalia. Mtoto alikuwa darasani kwake muhula mzima, amesifiwa mbele ya wote kwa spika, na hakuna siku hata moja mwalimu aliyomweleza kusoma ni nini.

"Hukudanganya," akasema. "Mimi ndiye sikukufundisha. Nilikuwa nasikiliza simu, sikukuangalia wewe."

"Na hii ya viazi?" Shafi akauliza. "Hii ni kusoma?"

"Hiyo ni kusoma."

Shafi akafikiri. "Basi nitamalizia. Lakini usirekodi." Akaingia ndani.

Nasro alingoja mpaka mtoto alipotokomea. "Nitamrudisha. Dada hapa amenigombeza siku nzima kwamba namficha kama mwizi. Shule nitakuja na mimi, niongee na mwalimu mkuu, na wewe ukiwa umesimama hapo."

"Nitasimama."

"Sasa niambie kingine. Nekoye amesemaje?"

Mwalimu akashangaa. "Sijaonana naye. Nilituma kwa grupu, nikadhani..."

"Grupu gani?"

"Ya ploti."

"Mwalimu. Nekoye tulimtoa."

Kuku walikuwa wanaparua chini ya cherehani. Mwalimu alikuwa ameomba msamaha mbele ya watu wote isipokuwa yule mmoja, na siku zote hizo Nekoye alikuwa amekaa mlango wa pili, amejifungia, hajui.

"Nikadhani mtu atamwambia," akasema.

"Nani? Hakuna mtu anaongea naye. Kila mmoja amedhani mwenzake amemwambia. Ama wanaona haya, kama mimi." Nasro alivuta mtandio. "Mimi ndiye nilimshikia simu usoni. Jumatatu nikifika nitakwenda mwenyewe, na miguu yangu. Lakini wewe umetangulia kumwangusha, tangulia kwenda."

Sharifo alimsindikiza mpaka langoni, akampa ndizi mbili za njiani.

Alifika Kitale jua likiwa limeinama. Hakupita kwake kuweka mkoba. Alivuka ua moja kwa moja mpaka mlango wa Nekoye, na ploti nzima, acha nikwambie ukweli, ikapunguza redio. Nyumba zetu ni za mabati. Mtu akigeuza shingo unasikia. Mimi nilikuwa na kisu na kitunguu, na kitunguu hakikukatwa.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni mimi. Nakhumicha."

Kitasa kikalia. Nekoye alikuwa amefunga leso kichwani, mwiko mkononi. "Mwalimu. Mbona unasimama huko kama wa kuuza magazeti?"

"Nisikilize kwanza hapa nje. Video ya Shafi ni mimi niliirekodi. Nikatuma kwa walimu wenzangu, ikatoka huko. Nimekwisha kusema kwa Mama Shafi, na kwa grupu, lakini hukuwa kwa grupu. Wewe ndiye nilipaswa kuanza na wewe."

Sufuria ikachemka ndani, ikapandisha kifuniko, na Nekoye hakugeuka.

"Siku ile nilikuja kwako," akasema hatimaye. "Nikakuuliza kama kuna njia ya kujua. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukiwa umekaa hapo mbele yangu."

"Ndiyo."

"Na nikakushukuru."

"Ulinishukuru."

"Ehe." Nekoye alifuta mwiko kwa leso, polepole, pande zote mbili. "Unajua, hiyo video naielewa. Ulikuwa unatafutia mtoto dawa, ukaiacha wazi, nzi wakaingia. Mimi mwenyewe nikiwa na simu nitarusha kitu kabla sijafikiri. Lakini hiyo ya kuniangalia macho, hapana. Hiyo sitaielewa leo."

"Sikuombi uielewe."

"Vizuri, kwa sababu sitaki. Kesho maji yakija, utatoka na mtungi wako na utasimama karibu na wangu. Usiseme kitu. Usihubiri. Simama tu hapo karibu na mimi mpaka ujae, na wote waone."

"Nitasimama."

"Na hiyo sauti yako ya grupu nataka kuisikia. Wote wameisikia, mimi ndiye sijaisikia."

Nakhumicha akatoa simu. Akaibonyeza. Sauti yake mwenyewe ikatoka pale mlangoni, kavu, ikipita kwenye mabati mpaka kwetu, na ilipofika kwenye "Nekoye hakuhusika", nilijikuta nimeinama kama niliyetupiwa jiwe. Ilipokwisha, Nekoye akasoma tarehe yake kwenye simu, akaomba irudiwe. Ikarudiwa.

Kisha alitoa kichwa nje, akatazama milango yetu, mmoja baada ya mwingine. Hakuna uliokuwa umefungwa sawasawa.

"Na nyinyi mnaosikiza," akasema, si kwa sauti kubwa, "nyinyi mlikuwa na siku nne za kuvuka huu ua, na hakuna aliyevuka. Yenu bado. Mtakuja mmoja mmoja, na mtabisha."

Mahali fulani redio ilijaribu kupanda, ikarudishwa chini.

Nekoye akamgeukia mwalimu, aliyekuwa bado amesimama na mkoba begani na vumbi la Bungoma kwenye viatu. Alimtazama kutoka juu mpaka chini kama anayepima nguo ya mteja.

"Umekula?"

"Ndizi mbili."

"Ndizi mbili," Nekoye akarudia. Akasogea pembeni, mlango ukawa wazi. "Nimepika mboga ya murere na ugali wa watu wengi, mikono haijui nyumba imekuwa tupu. Bado nimekasirika, usidhani. Vua viatu, nawa mikono, uingie ule."